Sajini Alimwambia Kapteni Nimeshiba

Nina umri wa miaka thelathini na minane. Nalima mahindi na kahawa kidogo juu ya Kimilili, na kanisani nimeshaanza kuhesabiwa miongoni mwa wazee. Watu huniita Koplo. Kila wanaponiita hivyo moyo huniuma, kwa sababu ukoplo huo nilivuliwa kwa aibu, na kijijini hakuna anayejua...

Ndugu wasomaji, sitaki huruma yenu. Nataka tu mnisikilize mpaka mwisho.

Nilijiunga na jeshi wakati wa vita vya Hitla. Sikukamatwa kama wengine. Nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe pamoja na Wekesa, bakoki wangu. Kwetu sisi Wabukusu, waliotahiriwa msimu mmoja ni bakoki mpaka kufa. Mimi na Wekesa tulipakwa matope kwenye mto mmoja, alfajiri moja, na ngariba aliyemtahiri yeye ndiye aliyenitahiri mimi. Bakoki wako anaweza kukutukana mbele ya mkeo na ukacheka. Lakini kumshuku? Hilo halipiti hata akilini!

Wekesa alikuwa amesoma misheni na Kiingereza alikijua. Mimi niliishia kusoma na kuandika Kiswahili. Haukupita muda akawa sajini, na mimi nikawa koplo chini yake. Nilifurahi kwa ajili yake kama mjinga.

Kambi yetu ilikuwa nje ya Kitale. Tulikuwa tukingoja amri ya kwenda Mombasa, na kutoka huko meli mpaka Bama, ng'ambo ya bahari, kupigana na Wajapani. Tulingoja, tukangoja... Unga ulikuja na wadudu. Viatu vilitoboka. Barua za nyumbani hazikufika. Livu, yaani likizo, tuliyoahidiwa kabla ya safari ilifutwa, na hakuna aliyetueleza sababu. Wanaume waliokuwa wakiimba wakienda kwata sasa walikwenda kimya, vichwa chini. Wawili walitoroka wakapotelea mlimani Elgon.

Kapteni wetu alikuwa Mzungu mgeni, kijana, aliyetoka kwao juzi tu. Kiswahili chake kilikuwa maneno ya kuokota. Kila asubuhi alipita mbele ya mstari akiuliza, "Mzuri?" Na sisi, kama tulivyofundishwa na Wekesa, tulijibu kwa sauti moja, "Mzuri, Effendi!" Sauti ikiwa ndogo, kapteni akishaondoka Wekesa alituzungusha uwanja mzima tukikimbia na bunduki juu ya kichwa. Basi tulipiga kelele! Tulimpa kapteni jina la Bwana Mzuri.

Mwenye shida alikuwa na njia moja tu. Baada ya gwaride alitoka hatua moja mbele, akasema, "Nina shauri, Effendi." Halafu aeleze kwa Kiswahili, Wekesa amtafsirie kapteni, kapteni ajibu, na Wekesa aturudishie jibu. Maneno yetu yote yalipita katika kinywa kimoja. Na mimi ndiye niliyewaambia wenzangu wasiwe na wasiwasi, kwani sajini alikuwa mtu wetu.

Tulilalamika juu ya unga. Wekesa alitwambia kapteni amesema vitani hakuna mtu wa kuchagua unga. Tulilalamika juu ya barua. Akatwambia kapteni amesema barua za washenzi hazina haraka. Lo! Tulivyomchukia yule Mzungu! Na kesho yake alipita tena mbele yetu akitabasamu, "Mzuri?" Tukaona anatudhihaki.

Askari mmoja aliyewahi kuwa mpishi wa Wazungu alinifuata siku moja nyuma ya jiko. Kiingereza alikisikia kidogo. Alinong'ona, "Afande, hii maneno sielewi. Nyinyi mnasema mingi, sajini anasema mbili tu, na Mzungu anafurahi. Si uulize?"

Nilimshika ukosi wa shati. "Funga mdomo wako! Huyo ni bakoki wangu, unasikia?"

Aliondoka. Hakuniambia kitu tena. Leo ningetoa nini ili arudi na kunong'ona mara ya pili?

Tena nikazidisha upumbavu. Wenzangu waliniomba niandike shida zetu kwenye karatasi, labda kapteni akiziona kwa macho ataamini. Niliandika kwa mkono wangu. Upande mmoja jina la mtu, upande wa pili shida yake. Jina langu nililiweka la kwanza, ili wengine wasiogope. Karatasi nikampa Wekesa aifikishe. Aliikunja akaitia mfuko wa shati, akanipiga begani, akasema, "Wacha kwangu, bakoki."

Wiki ile ile mama mmoja wa kijijini kwetu, aliyekuwa akileta vitunguu sokoni Kitale, alinikuta langoni na ujumbe kutoka kwa mama yangu. Mke wangu Nafula alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Mkunga wa kijiji alikuwa amempapasa tumbo akakuta mtoto amekingama. Alisema asijaribu kuzalia nyumbani, apelekwe hospitali ya misheni kule Lugulu kabla uchungu haujaanza. Lakini nani ambebe? Vijana wote wa boma letu walikuwa jeshini. Walibaki wazee na wanawake. Mama aliomba nije nimbebe mke wangu.

Kutoka Kitale mpaka kwetu ni mwendo wa siku moja! Siku tatu zingenitosha kabisa. Kwenda, kumfikisha Lugulu, kurudi.

Nilitoka hatua moja mbele. Nina shauri, Effendi. Nilieleza yote. Wekesa alitafsiri. Kapteni akaitikia kwa kichwa na kupita. Wekesa alinirudishia, "Anasema ngoja kidogo."

Nilingoja siku mbili, nikatoka tena. Wekesa akaniambia kapteni amesema wanawake wanazaa kila siku, na dunia haijasimama.

Nilitoka tena mara ya tatu. Nilifikiri, labda Mzungu huyu akiona kwa macho ataelewa. Nilipomaliza kusema niliweka mikono mbele ya tumbo langu, nikachora tumbo kubwa la mwanamke. Nikaonyesha mlima ulipo, upande wa kwetu. Nikaunganisha mikono, nikamwomba. 

Wekesa alisema maneno yake. Kapteni alinitazama... akacheka! Alicheka kwa furaha, akanipiga begani, akaenda zake.

Jamani! Mtu akikucheka unapomwombea mkeo uhai, unabaki na nini? Nilirudi mstarini nikiwa kama nimepigwa rungu. Askari wote waliona, na wote walijua habari ya Nafula. Nilisikia mmoja nyuma yangu akisema polepole, "Sasa imetosha."

Kesho yake kapteni alipita kama kawaida. "Mzuri?"

Kimya.

Akarudia. Kimya kabisa. Halafu mtu mmoja akakaa chini, bunduki juu ya mapaja. Wa pili akakaa. Kisha mstari mzima ukakaa palepale vumbini, na mimi nikakaa. Hatukupanga, naapa mbele ya Mungu! Hakuna aliyetukana, hakuna aliyeinua mkono. Kapteni aligeuka mwekundu, kisha mweupe. Alituangalia kama mtu aliyeamka akakuta nyumba si yake. Akamgeukia Wekesa kumuuliza kitu.

Na Wekesa, bila hata kupepesa macho, alitia mkono mfukoni akatoa karatasi. Karatasi yangu! Niliitambua kwa ule mkunjo. Aliisoma kwa sauti, majina tu, moja baada ya jingine, kuanzia la kwangu. Shida zilizoandikwa kando hakuzisoma hata moja. Yale yalikuwa sasa majina ya wachochezi. Nilikuwa nimemwandikia mimi mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Tulikuwa watu wanane. Tulifungiwa kila mtu chumba chake. Kupitia vyuma vya dirisha niliuona Mlima Elgon, na upande wake mmoja ndiko alikokuwa Nafula akiningoja.

Siku ya tatu mchana mlango ulifunguliwa akaingia kapteni, peke yake, bila mkalimani. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. 

"Wewe askari mzuri," alisema. "Kwa nini hapana sema kwa mimi kama iko shauri?"

Nilidhani ananichezea. "Nilisema, Effendi. Mara tatu nilisema. Bibi yangu mgonjwa, mimba mbaya. Naomba siku tatu."

"Hapana. Wewe sema nataka kwenda vita upesi. Sajini sema hivi."

 Nikainuka, nikaweka tena mikono mbele ya tumbo, kama siku ile. "Na hii, Effendi? Hii Sajini alisema nini?"

Alinitazama mikono.  "Sajini sema... wewe shiba. Chakula mingi. Wewe sema asante."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo dunia ilipoanguka. Nimeshiba! Nilimwomba uhai wa mke wangu, na bakoki wangu akamwambia kapteni nashukuru kwa kushiba! Hayo majibu mabaya yote, washenzi, wanawake wanazaa kila siku, Mzungu hakuyatamka kamwe. Yalitoka kwa Wekesa mwenyewe. Alimpa kapteni maneno matamu ili aonekane sajini anayejua kuongoza watu, na sisi alitupa maneno machungu ili tusirudi tena kuuliza.

Kapteni alishika kichwa kwa mikono miwili. Aliuliza mke wangu yuko wapi, nikamwonyesha dirishani. Akasema, "Kesho. Kesho wewe kwenda. Mimi sema." Macho yake yalikuwa na maji. Nilimwamini. Naam, nilimwamini tena!

Kesho ilifika. Nilisikia malori. Nilisikia buti nyingi, na sauti ya mkubwa mgeni akikagua, na wenzangu wakipiga kelele ile ile tuliyofundishwa. Kisha malori yakaondoka kwenda stesheni, na kapteni akaondoka nayo. Mlango wangu haukufunguliwa.

Baadaye karani wa kambi alinieleza. Kapteni alikuwa ameshaandika kwa wakubwa, wiki nyingi mfululizo, kwamba askari wake wana furaha na hamu ya vita. Angesemaje sasa kwamba hakujua lolote? Ilikuwa rahisi zaidi kutuacha wanane nyuma na kufunga mdomo. Wekesa alidanganya kwa makusudi. Kapteni alijua ukweli akauacha umefungiwa chumbani pamoja nami. Mpaka leo sijui ni yupi aliyeniumiza zaidi.

Nilikaa kifungoni miezi mitano. Nilivuliwa ukoplo. Nilipofika nyumbani majani yalikuwa yameshaota juu ya kaburi la Nafula.

Mama alinieleza. Walimngoja mume, siku baada ya siku. Uchungu ulipoanza ndipo wanawake wanne walipombeba kwa machela, katika mvua, wakiteleza na kupumzika, siku mbili njiani. Daktari wa Lugulu alijitahidi. Alimwokoa mtoto, msichana. Nafula alikuwa amekwisha poteza damu nyingi mno. Mama mkwe, ambaye nyumbani kwake ni hapo hapo Lugulu, alimchukua mtoto akamlea.

Vita vilipokwisha Wekesa alirudi na cheo kikubwa zaidi na medali kifuani. Alipata kazi ya ukalimani Bungoma, mbele ya watawala. Nilimkuta huko sokoni, amevaa kofia nzuri. Nilimuuliza jambo moja tu, kwa nini.

"Bakoki, si ningefanya nini?" alisema. "Mzungu alitaka kusikia mzuri, nikampatia mzuri. Lakini hata wewe, unawaambia watu ulikuwa wapi? Nasikia ati ulikuwa Bama. Ukinisema, na mimi nitasema."

Akaenda zake. Nami sikumfuata, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Sasa mnaelewa kwa nini naandika? Nilipotoka kifungoni niliona aibu. Niliwaambia watu kwamba mara tu baada ya ule ujumbe wa langoni tulipelekwa ng'ambo, vitani, nami nikarudishwa mapema kwa ugonjwa. Mama yangu peke yake ndiye aliyejua, akanyamaza mpaka alipokufa. Binti yangu ana miaka kumi na miwili. Tangu alipojua kuuliza amekuwa akiniuliza, "Baba, kwa nini hukuja kumbeba mama?" Na mimi nimekuwa nikimjibu kwamba nilikuwa Bama, ng'ambo ya bahari, mbali sana. Yeye hunipa pole! Mtoto hunipa pole, na mimi hupokea. Nimempa neno la kumridhisha miaka yote hii, na nimejiona baba mwema.

Nawasihi, ndugu zangu. Usimpe mtu mwingine shauri lako la uhai akusemee kwa sababu tu unampenda. Sema mwenyewe, hata kwa maneno mabovu, hata ukichekwa! Na wewe uliye mkubwa wa watu, iwe ni jeshini, shambani au kanisani, usiwafundishe jibu kabla hujawauliza. Ukisikia kila siku kwamba mambo ni mazuri, shuka mwenyewe ukaonje unga wao. Na ukishaujua ukweli, usiogope kuutoa nje kwa sababu ya barua ulizokwisha kuandika. Kuna mtu anangoja kubebwa.

Jumapili nakwenda Lugulu. Nitamkalisha binti yangu karibu na bibi yake, na sitamwomba mtu yeyote anisemee. Nitamwambia hivi: sikuwa Bama, mwanangu. Nilikuwa hapa karibu, Kitale.