Filimbi ya Mkia

Sogeeni, na mwenye mtoto mchanga ampakate kabisa, maana hadithi hii haimfai mwenye mikono mitupu.

Fundi cherehani mmoja, mke wa dereva wa lori, hakuwa ametoka nyumbani tangu ajifungue. Wenzake wa karakana walipopanga kwenda kuzunguka kisiwa cha mtoni kwa kayaki, vile vitumbwi vyembamba vya plastiki vya kukaa wawili wawili, mama mkwe wake alimsukuma mwenyewe mlangoni.

"Nenda ukapunge upepo. Kibonge niachie mimi. Ila jioni uwe hapa, huyu mtoto chupa haitaki."

Akamnyonyesha mpaka akasinzia, akaondoka na mumewe. Mume wa mtu hasemwi, lakini yule anasemeka. Barabarani hakubali kupitwa, hata na gari la wagonjwa. Na bahati ilivyo na dhihaka, mtoni wakapewa kuwa mkia.

Kiongozi wa safari, mwanamume mkavu waliyemwita Filimbi, alieleza utaratibu wake. Yeye mbele. Mkia nyuma kabisa, haupiti mtu. Akipuliza mara moja, mkia unajibu mara mbili, maana yake: wote wako mbele yangu, nyuma yangu hakuna mtu. Akamvisha Fundi filimbi shingoni.

"Msafara haufiki mpaka mkia ufike," alisema, wala hakucheka.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mchana ukaharibika. Mwenye karakana, mama aliyejaliwa mwili na maneno, alikuwa mbele yao peke yake kwenye kayaki, na kila kidogo anaweka kasia chini apige picha. Dereva akawa anapumua kwa pua kama fahali.

"Huyu mama anaendesha au anafuga samaki?"

"Nyamaza. Bosi wangu huyo."

"Bosi karakanani. Hapa ni mzigo umeanguka njiani."

Fundi naye alikuwa amechoka. Maziwa yameanza kujaa, kifua kinamuuma, kinamkumbusha muda kuliko saa ya ukutani. Kwa hiyo mumewe alipokata kona ampite mwenye karakana, hakumzuia. Ukweli usemwe: alimsaidia kupiga kasia.

Huko mbele Filimbi akapuliza.

Fundi akainua filimbi yake. Kabla haijafika mdomoni...

Nyuma yao ikajibiwa. Mara mbili.

"Leo umepuliza vizuri," Dereva akasema.

"Sijapuliza."

"Basi ni bosi wako."

"Filimbi ya mkia ni hii moja, Baba Kibonge. Ninayo mkononi."

Wakageuka. Mwenye karakana alikuwa anakuja mbio, uso umemkauka, anapiga kasia kama anayedaiwa roho. Nyuma yake mto mtupu. Na harufu... kama ya nguo zilizolowekwa kwenye beseni zikasahaulika.

Hapo ndipo safari ikakataa kwisha. Walipita mti ulioanguka, wenye kitambaa cha njano kimenasa kwenye tawi. Kona. Kona nyingine. Mti ulioanguka, kitambaa cha njano. Dereva akautukana mto. Mwenye karakana akamtukana Dereva. Fundi kifua kinawaka, blauzi imelowa mbele, na si kwa maji ya mto. Jua likaanza kushuka. Mti tena. Kitambaa tena. Kila Filimbi alipopuliza, huko nyuma palijibiwa, na kila mara karibu zaidi.

Mwishowe Filimbi alisimama akawangoja. Alipowaona walipo, mabega yakamshuka.

"Mkia ni nani?" akanong'ona.

Dereva akageuka kumtazama mwenye karakana nyuma yake.

"Rudini mahali penu. Jibanzeni kwenye matete, mwacheni apite. Msimwangalie."

"Apite nani?" Dereva akauliza.

"Uliyempa nafasi yako."

Wakarudi. Yule asiyempisha mtu barabarani akajibanza matetini, ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani.

Kisha kasia. Chubwi... chubwi... Taratibu, kama mtu anayejua kuwa atafika tu.

Harufu ikawafunika. Fundi akafumba macho. Kitu kikasimama ubavuni pake, baridi ikampanda mkono mzima. Kikanusa. Kikanusa tena, usawa wa kifua chake.

"Maziwa," ikasema sauti ya kike, polepole, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Chubwi. Kisha kimya.

Huko mbele Filimbi akapuliza mara moja, na Fundi akajibu mara mbili. Walipokunja kona, gati hilo hapo, wenzao wanavua majaketi, wanawauliza walikuwa wapi.

"Amepita?" Filimbi akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Amepita."

"Hapa hakufika."

Akaanza kukusanya makasia, hataki kumtazama usoni. Na mwenye karakana, hadi leo ukimuuliza aliona nini nyuma yake, naye anakuuliza unataka kushonewa nini.

Njiani Dereva aliendesha polepole, magari yote yanampita.

"Kanyaga basi, mtoto ana njaa," Fundi akamlilia.

"Waache wapite."

Walifika giza linaingia. Fundi alianza kufungua vifungo tangu mlangoni. "Nipe, mama, nipe, napasuka."

Kibonge akageuza uso. Akacheua. Maziwa yakamchuruzika kidevuni.

Mama mkwe akamtazama mkwewe juu hadi chini. "Unamnyonyesha mara ngapi? Si umetoka kumnyonyesha sasa hivi? Umeingia unachuruzika maji, salamu hutoi, sakafu yote umenilowanishia. Nikajisemea hawa wamegombana huko, nikanyamaza."

Fundi akainamisha pua kwenye kinywa cha mwanawe. Nguo za kwenye beseni.

"Mama... yuko wapi?"

"Nani tena? Si wewe mwenyewe, uliyeniambia unakwenda kuanika nguo uani?"

Dereva alikuwa bado amesimama kizingitini, haingii, hatoki. Fundi akapeleka mkono shingoni, akagusa kamba. Filimbi ya mkia alisahau kuirudisha.

Uani, nyingine ikalia. Mara moja.

Ikangoja.