Moyo Ulivyomdunda Clemensi

Tangu Clemensi amlete mwanamke yule nyumbani Karatu, maziwa yalikuwa yakichacha yakiwa bado motoni.

Clemensi hakulitia hilo maanani. Alikuwa dereva wa lori la mahindi ya Loliondo, mwanamume anayetazama uso wake kwenye kioo zaidi ya anavyotazama barabara. Alimpakia mwanamke huyo mchana, ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano, kwenye ukungu, hana mzigo wala viatu. Alipomuuliza jina, alijibu, "Niite utakavyo." Moyo ulimdunda Clemensi, viganja vikavuja jasho, nywele zikamsimama. Basi akajua: amependa!

"Dada, sijawahi kupenda hivi," alimnong'oneza Lukresia, dada yake mkubwa. "Akinikaribia, magoti yananilegea."

"Mbuzi naye akimwona chui magoti humlegea," Lukresia alijibu kwa sauti ya chini, jicho mlangoni. "Ila mbuzi hatangazi ndoa."

"Una wivu wewe."

Jumapili, baada ya misa, mgeni alikaa kando ya jiko, mikono mapajani, na nyumba ikajaa harufu ya ngozi mbichi inayoungua, na juu ya dari nyayo zake mwenyewe zikasikika zikitembea taratibu, zikisimama, zikigeuka, ilhali yeye ameketi pale pale akitabasamu bila kupepesa, naye Clemensi, ulimi umemkauka, kila mshipa ukimwambia kimbia, akapiga goti na kumwomba awe mkewe.

Lukresia hakungoja jibu. Alikwenda kijiji cha Daa, akarudi na mganga Qamara. Mzee alifukiza majani, akamwita mgeni kwa jina ambalo hakuna aliyelielewa. Mwanamke akatoka kinyumenyume, na ukungu ukammeza.

"Umepona," Qamara alimwambia Clemensi. "Kilichokuwa kinakutetemesha ni hofu."

Jioni ile moyo wa Clemensi ulitulia. Viganja vilikauka, hata ugali ukawa na ladha. Kwa mara ya kwanza tangu safari ile alikuwa na amani, naye, mpumbavu, akaiita upweke.

"Mmeniua," alilia. "Sisikii kitu chochote moyoni."

"Huo ndio uzima, Clemensi!" Lukresia alimjibu.

Asubuhi aliwasha lori, akapanda hadi ukingoni mwa kreta, akalisimamisha kwenye ukungu, akafungua mlango wa upande wake. Harufu ile ya ngozi inayoungua ilitangulia. Jasho likamtoka, meno yakagongana, na Clemensi, akicheka kwa furaha, akasogea, akampisha yule mwanamke ashike usukani.