Picha Mbili za Mkono Mmoja

Asubuhi ile mapokezi ya watoto pale hospitali yalifurika hadi mlangoni. Daktari alikuwa akipenya katikati ya akina mama, mashine ndogo ya ultrasaundi kifuani, alipogongana na mwanamume mrefu mwenye aproni nzito ya buluu. Chupa ya jeli ikamponyoka, ikapasuka, na yule mwanamume akateleza mpaka akajikuta amekaa sakafuni.

"Pole, kaka."

"Nimeshapoa," alijibu akijifuta. "Ila huku kwa watoto nani ana mimba?"

Akina mama waliangua kicheko. Daktari alimweleza kwamba mashine ile huitumia kuangalia mifupa: mfupa mzima huonekana kama mstari mweupe, ukivunjika mstari unakatika, na mtoto anapimwa akiwa mapajani mwa mama yake, bila mionzi. Mwanamume alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema yeye ndiye mpiga picha mpya wa chumba cha eksirei.

"Kwa hiyo unaninyang'anya wateja," alisema, na alivyotabasamu, Daktari alisahau alikokuwa akienda.

Tangu siku hiyo hakutulia. Akishika kazi, macho yapo kwenye simu. Simu ikilia, moyo unamruka. Wakawa wanakunywa chai pamoja kwenye ngazi za nyuma, yeye na magauni yake ya maua chini ya koti jeupe, mwenzake na mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alimwita Bwana Mionzi. Naye akaitwa Mama Jeli. Miezi minne ikayoyoma.

Kisha ukaja mkutano wa idara. Daktari alisimama akaeleza kuwa watoto wengi walioumia kigasha, yaani mkono chini ya kiwiko, aliwapima kwa ultrasaundi, na hawakuhitaji eksirei. Mganga mkuu akauliza kama basi chumba cha eksirei kinahitaji kweli watu watatu. Hilo Daktari hakuwa amelifikiria hata kidogo. Alibaki mdomo wazi, na kimya chake kikasikika kama ndiyo. Bwana Mionzi, aliyeajiriwa mwisho kuliko wenzake, alifunga daftari lake akatoka.

Jioni Daktari alimpigia. Simu iliita mpaka akakata tamaa, ndipo ikapokelewa.

"Ungeniambia mapema," ilisema sauti.

"Sikujua ataniuliza vile, mpenzi."

"Ulipoulizwa ulinyamaza."

Simu ikakatwa, na zote alizopiga baadaye hazikupokelewa. Kesho yake alikwenda kwa mganga mkuu, akamwambia wazi kwamba mashine yake haioni kila kitu, hasa kwenye viwiko. Kisha siku kumi na moja akawa mtu wa kuzunguka tu: anakaa, anasimama, anafungua dirisha, analifunga.

Siku ya kumi na mbili Bwana Mionzi aliingia chumbani kwake bila kubisha, shati limetoka nje ya suruali, amembeba mpwa wake wa miaka sita, binti wa dada yake. Mtoto alikuwa ameanguka kutoka kwenye bembea ya shule, akaumia mkono.

"Hataki kuguswa," alisema. "Nimeshindwa hata kumlaza mezani kwangu. Nakuomba wewe."

Daktari alimpa mtoto dawa ya maumivu, akapaka jeli tele, akapitisha kifaa taratibu bila kuugandamiza mkono. Kigasha kilikuwa kizima. Alipofika nyuma ya kiwiko, akasimama.

"Hapa pana majimaji yasiyopaswa kuwapo," alisema. "Pakijaa hivi, mara nyingi kuna ufa. Lakini siuoni. Anahitaji picha yako."

"Yangu?"

"Yako. Usimnyooshe mkono, upige picha ukiwa umekunjwa hivyohivyo. Dawa itakuwa imeshika."

Alifanya hivyo. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele. Mtoto alifungwa plasta ngumu ya jasi, akasinzia kitandani. Wawili hao wakasimama ukutani, picha ya eksirei mkononi mwa mmoja, ya ultrasaundi mkononi mwa mwingine.

"Juzi mganga mkuu aliniambia nabaki," alisema Bwana Mionzi. "Alisema kuna mtu alimwendea kuhusu viwiko. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa hupokei simu."

Bwana Mionzi aliinamisha kichwa, akasema amekosa. Alikiri kwamba siku zote hizo alikuwa akipita nje ya mlango ule, anafika, anageuka. Kisha akavuta pumzi.

"Dada yangu yuko njiani. Kila siku ananiuliza wewe ni nani kwangu. Leo nimjibu nini?"

Daktari alimtengeneza kola iliyopinda.

"Mwambie ni wifi yake."

Mlango ukafunguliwa. Dada akaingia akihema, akambusu mwanawe, akaugusa ule mkono wa plasta, ndipo akainua macho kwa mwanamke wa gauni la maua. Bwana Mionzi alifungua mdomo, akaishia kuishikashika kola yake, ikabidi Daktari ajitambulishe mwenyewe.