Mpagazi wa Karani

Tulieni niwaeleze, watu wa ziwani, maana aibu ya nyumba moja huweza kuwa dawa ya nyumba nyingine.

Mwaka wa pili wa vita vya Wajerumani na Waingereza, Ezekia na baba yake, Mzee Tuntufye, waliondoka Matema kwa miguu kwenda mji wa boma, kule milimani. Ezekia alikuwa karani huko. Alibeba blanketi lake na viatu vyake, asije akavichakaza njiani. Mzee alibeba vyungu sita, kazi ya mikono ya mkewe, vimefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Vilikuwa zawadi ya ukweni, kwa kina Neli, binti aliyeposwa na Ezekia.

Jioni wakapiga kambi kando ya kijito, karibu na mji kiasi cha kusikia kengele ya kanisa. Palikuwa kimya, pazuri. Mzee alichoma samaki, akamchambulia mwanawe miiba kama alivyozoea tangu Ezekia akiwa mtoto. Wakala wakicheka.

Mara akatokea Zebedayo, kaka yake Neli, naye safarini, suruali imenyooka. Ezekia akayaona magoti ya baba yake yenye vumbi, na shuka lake linalonuka samaki. Huko ukweni alikwisha kujigamba kwamba baba yake ni mtu mkubwa, mwenye ng'ombe wengi.

"Umefika, shemeji! Na huyu mzee?"

"Mpagazi wangu," Ezekia akajibu.

Kweli ulimi hauna mfupa! Mzee akainuka taratibu, akahamia upande wa pili wa moto, akalala kando ya vyungu. Ezekia naye akajifunika blanketi karibu na Zebedayo, uso ukimwaka kwa aibu, akijiambia kwamba kesho atasema ukweli.

Kesho ikaja na askari wawili.

"Wapagazi wote wanatakiwa vitani," mmoja akasema. "Huyu ni nani?"

"Mpagazi wa karani," Zebedayo akajibu bila nia mbaya.

Askari akamgeukia Ezekia. "Kama ni ndugu yako, sema. Jamaa za makarani hatuwagusi."

Neno moja tu lilihitajika, ndugu zangu. Baba! Mtoto hulisema kabla hajamaliza kuota meno. Ezekia akafumbua kinywa, akamwona Zebedayo anamtazama, akakifumba.

Mzee alisubiri. Mwishowe akamsitiri mwanawe. "Mimi mpagazi tu, bwana." Kisha akamwambia Ezekia, "Ndaga, karani, asante kwa safari. Vyungu vya ukweni uvibebe mwenyewe, ni vyembamba."

Askari walipopotea naye mlimani ndipo Ezekia alipolia, "Ni baba yangu!" Zebedayo akashika kichwa. Wakakimbia mpaka boma, wakakuta msafara umekwisha kuondoka. Mzee Tuntufye hakurudi tena. Ezekia aliporudi Matema kueleza, mama yake alikuwa akifinyanga. Alimtazama tu, mikono imejaa udongo.

Baadaye Ezekia alimwoa Neli. Mnaijua desturi yetu: mke hamtazami baba mkwe wake. Akikutana naye hutoka njiani, akageuka, akajifunika uso kwa heshima. Lakini Neli hakuwahi kuonyeshwa huyo mkwe, wala hamjui. Basi mpaka leo, akipita mzee yeyote mwenye mzigo, Neli hutoka njiani, akageuka, akajifunika.

"Huenda ndiye," husema.

Na Ezekia, karani mwenye viatu, husimama peke yake katikati ya njia, hana pa kuuficha uso wake.

FUNZO

Anayemwonea haya mzazi wake atakuja kujionea haya mwenyewe, na haya hiyo haiishi. Vumbi lile la magotini ndilo lililokupeleka shule. Nanyi vijana mnaokwenda mjini, mkiulizwa, "Huyu ni nani?" jibuni papo hapo. Swali hilo halingoji kesho.