Tangi Lisilopata Joto

Simu ililia mara mbili, ikakatika. Vestina Mlowe hakuigusa. Aliendelea kufuta grisi kwenye kaunta ya duka lake la spea, akangoja.

Ikalia tena.

"Spea Makambako."

"Shangazi anauliza, viazi vya Matembwe vimeshafika sokoni?"

"Bado. Nasikia vimeshachimbwa."

"Vimechimbwa na viko njiani. Shangazi hataki vipite hapo."

"Nani kabeba?"

"Hatujui. Ndiyo maana uko hapo."

Simu ikakatwa.

Shangazi alikuwa Mkuu wa Idara ya Usalama, Dar es Salaam, mzee asiyecheka. Viazi vilikuwa baruti. Kuna watu wa nje wenye malori mengi na tamaa kubwa kuliko malori yao. Walitaka daraja moja la reli upande wa Mlimba lianguke, ili shehena ya Zambia ihamie kwao. Kwamba juu ya daraja hilo hupita pia treni ya abiria, wenye watoto na vikapu vya kuku, hilo halikuwahi kuwanyima usingizi.

Vestina alirudisha mkono wa simu mahali pake. Mlango ukafunguliwa.

Wateja wawili. Mbele Mzungu mrefu, koti la ngozi, saa ya Seiko, macho yanayohesabu milango. Nyuma yake Mudy.

Mudy alikuwa mtoto wa Mama Mwanaheri, muuza chapati wa ng'ambo ya barabara, yule aliyemlisha uji kwa kijiko alipolazwa na malaria. Dereva wa malori ya mbao za Lupembe tangu alipoota ndevu tatu za kwanza. Leo alivaa glavu za kuendeshea, na tabasamu la mtu aliyeokota dhahabu.

"Shikamoo dada Vestina."

"Marahaba mdogo wangu. Umepata tajiri?"

"Huyu Bwana Delport. Ana Celica GT-Four, dada, ya turbo! Tunaandaa mashindano."

Ilikuwa mwaka 1993, enzi za ruksa. Magari ya Japani yalikuwa yakishuka bandarini kama mvua za masika, na kila mgeni alikuwa mwekezaji mpaka athibitike mwizi. Vestina alikuwa na desturi ya kuanzia upande wa pili.

"Nataka pampu za petroli," Delport alisema. Kiswahili chake kilinyooka mno, kama cha redio. "Turbo nimeweka kubwa zaidi. Unanishauri nini?"

Macho yake hayakuwa kwenye rafu za pampu. Yalikuwa usoni mwa Vestina. Swali lilikuwa mtego.

"Ukiongeza upepo lazima uongeze petroli," Vestina alijibu. "La sivyo pistoni zitatoboka. Chukua Bosch hii. Inasukuma kwa nguvu. Ila kuvuta haijui."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo unahitaji pampu mbili. Kona za Njombe unazijua? Ukikata kona kali, petroli inakimbilia upande mmoja wa tangi na pampu inameza hewa. Dawa yake ni tangi dogo la kati, ndani ya buti. Pampu ndogo ya kuvuta inalijaza, Bosch inanyonya chini yake. Kinachobaki kwenye injini kinarudi humo humo kikiwa na joto lake."

"La lita ngapi?"

"Mbili. Tatu ukiwa mwoga."

Delport alitabasamu kwa mdomo tu. "Nipe la lita tatu. Na jingine la lita ishirini."

Lita ishirini!

"Ishirini za nini, bwana?"

"Akiba. Hilo nitalifunga mwenyewe. Nani alikufundisha mambo haya, mama?"

"Jeshi la Kujenga Taifa lilinipa spana. Mengine nilijifunza kwa kuchafuka."

Akaingia stoo kuchukua pampu. Mikono yake ilikuwa imetulia, kichwa hakikutulia. Gari la mashindano hukimbia uzito kama paka anavyokimbia maji. Nani anabeba tangi la lita ishirini la ziada kwenye gari analotaka lipae?

Alichukua pampu ya kuvuta, ile inayolia tak-tak-tak, akaifungua. Ndani mlikuwa na vali ndogo kama kifungo cha shati. Kazi yake moja tu: kuzuia petroli isirudi nyuma injini inapozimwa.

Aliitoa, akaitia mfukoni.

Bila vali ile, ukizima injini, tangi la kati linajimwaga lenyewe kurudi tangi kubwa. Ukiwasha gari limesimama na kulingoja lingurume polepole, tangi linajaa upya na hutajua kitu. Lakini ole wako uzime ukiwa mwendoni, kisha uwashe na kukanyaga mlima papo hapo.

Delport asingefanya hivyo hata siku moja. Lakini Mudy? Madereva wa malori wa barabara hii wana ugonjwa mmoja. Wakiona mteremko, wanazima gari na kuliachia liserereke, kubana mafuta. Mazoea yana taabu.

Jioni ile alimpigia Shangazi.

"Nadhani nimeviona viazi. Sina hakika."

"Na dereva?"

"Namfahamu. Sijui kama anajua anachobeba."

"Kama amebeba, anajua. Nimeweka askari kizuizini Makambako. Gari likifika na mzigo, linapigwa risasi."

"Atakufa."

"Au watakufa walio kwenye treni. Chagua."

*

Siku ya tatu Vestina alikuwa Njombe, ambako Celica ilikuwa ikijaribiwa. Baridi ilikuwa ikiuma masikio, watu wamejitanda mablanketi kama bado wako kitandani. Alikuja na Luqmani, mwenzake wa Idara, ambaye Makambako nzima ilimjua kwa lori lake bovu la mbao. Kisingizio cha Vestina kilikuwa garantii: muuzaji mwaminifu hukagua alichokiuza.

Celica nyekundu iliingia ua wa gereji ikitoka Kifanya. Mudy alishuka akijipuliza vidole. Pajero nyeusi ya Delport ikaegeshwa mbali, upande wa pili kabisa wa ua.

Mbali mno, Vestina aliwaza.

"Kifanya kulikuwa na nini?" alimwuliza Mudy.

"Sijui bwana. Aliniambia nikanywe chai, nikanywa. Nilipopita kuchungulia akanifukuza."

"Hukumwuliza?"

"Tajiri anaulizwa, dada?"

Jibu hilo lilikuwa la mtu asiyejua kitu. Lilikuwa pia la mtu aliyefundishwa kulisema.

Vestina alifungua buti akidai kuangalia kama mipira inavuja. Matangi mawili yalikaa ubavu kwa ubavu. Aliweka kiganja kwenye dogo. Lilikuwa na joto, kama kikombe cha chai.

Akahamisha kiganja kwenye kubwa.

Baridi. Baridi kama jiwe la kisimani.

Mpira ulitoka kwenye injini na kuingia hapo, au ulijifanya kuingia. Lakini petroli ya moto haikuwa imepita humo hata tone. Na springi za nyuma zilikuwa zimelala kwa uzito.

"Kuna tatizo?" Delport alikuwa nyuma yake. Vestina hakuwa amesikia hatua zake.

"Hakuna. Pampu zangu zinalia vizuri. Mnarudi Makambako?"

"Leo hii."

"Basi leo utatamba na Celica yako, bwana."

"Mgongo unaniuma. Nitafuata na Pajero."

Mwenye gari la mashindano haketi ndani ya gari lake!

"Basi kiti kisikae bure. Nitapanda mimi."

Delport alimtazama. Sekunde moja. Mbili. Kisha akamfungulia mlango kama bwana harusi. "Karibu sana, mama."

Hakupepesa jicho. Mtu anayekukaribisha kifoni kwa adabu namna hiyo, Vestina aliwaza, huyo si wa kuonewa huruma.

Alienda chooni kwanza. Redio ya Motorola ilikuwa chini ya kitenge, kando ya bastola ya Makarov.

"Mbao, Mbao. Viazi vimo ndani ya Celica. Kwenye buti. Mimi napanda."

"Unapanda?" Sauti ya Luqmani ilikwaruza. "Una wazimu? Kizuizini watapiga, nani yumo si hoja kwao!"

"Basi halitafika kizuizini. Kaa nyuma ya Pajero."

*

Mudy aliendesha kwa raha ya mtoto. Turbo ilipuliza, miti ya misonobari ikakimbia nyuma. Vestina alikuwa akisikiliza tak-tak ya pampu na kumtazama kijana kwa pembe ya jicho. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya kitenge.

"Mudy, huogopi gari hili?"

"Niogope nini, dada? Kwenye lori la mbao breki zilikuwa za kuomba Mungu."

"Huyo tajiri umemjulia wapi?"

"Alinikuta stendi, akauliza nani anaijua barabara hii kuliko wote." Akacheka. "Ungejibu nani?"

Aliongea haraka. Woga au furaha? Vestina hakujua, na kutokujua kulimkera kuliko baruti iliyokuwa mgongoni mwake. Angeweza kumwambia: zima gari. Lakini kama kijana alikuwa mmoja wao, neno hilo lingekuwa la mwisho kwao wote wawili.

Mteremko wa kwanza. Mkono wa Mudy ulienda kwenye swichi, ukasita. Alitupa jicho kwenye kioo, akaona Pajero, akaurudisha mkono kwenye usukani.

"Mzungu kakataza kuzima. Anasema turbo itaungua."

"Msikilize tajiri wako," Vestina alisema.

Mteremko wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Kibao cha Makambako kilipita upande wa kushoto. Vestina alianza kuwafikiria askari kizuizini, na Mama Mwanaheri akigeuza chapati kwenye kikaango, na jinsi atakavyovuka barabara kwenda kumwambia.

"Lakini yule naye," Mudy alinung'unika, "mbona anabaki nyuma vile? Simwoni hata kwenye kioo. Anatuogopa?"

"Labda mgongo."

"Kama simwoni, haoni."

Mteremko wa nne ulijikunjua mbele yao, mrefu, mweusi, mtamu.

Klik.

Injini ilinyamaza. Tak-tak ikanyamaza. Ulibaki upepo tu na mluzi wa matairi.

"Dakika mbili za bure," Mudy alisema kwa raha. "Baba alikuwa akisema petroli ya mteremko ni sadaka."

Vestina alifumba macho. Hakuwahi kupenda kimya kama kile.

Chini ya bonde Mudy aliwasha, akaachia klachi, akakanyaga. Celica iliruka kuushika mlima. Turbo ikaimba.

Ikakohoa.

Ikakohoa tena.

Ikafa.

Gari lilijikokota hadi ukingoni mwa barabara. Mudy alijaribu swichi, akajaribu tena. Bosch ilikuwa imeshameza hewa, ikalia kavu. Akashuka, akafungua buti. Vestina alimfuata. Bastola sasa ilikuwa nje ya kitenge, imefichwa nyuma ya paja.

Mudy alikuwa ameinama na spana namba kumi na tisa mkononi. Aliitia kwenye nati ya tangi kubwa.

"Unafanya nini?"

"Dogo limekauka, dada. Si kuna lita ishirini za akiba hapa? Nazihamisha mara moja."

Akaanza kukaza mkono ili ifunguke.

Hakuna anayejua kilichomo ambaye angeigusa nati ile kwa spana. Furaha ilimpanda Vestina ghafla hadi machozi yakamlenga, barabarani pale, na bastola mkononi. Alimshika kiganja.

"Acha, Mudy. Taratibu. Toa spana."

"Kwa nini?"

"Hiyo si petroli."

Kijana aliona bastola. Akatazama tangi. Akaliwekea kiganja, akahisi ubaridi, na rangi ikamtoka usoni.

"Ni nini, dada?"

"Kimbia kwanza. Maswali baadaye!"

Walitumbukia kwenye mtaro ng'ambo ya barabara, wakatambaa hadi kwenye misonobari. Juu ya mteremko Pajero ilikuwa imesimama. Kioo kilishuka. Mkono ulitoka, na ndani ya mkono mlikuwa na kisanduku cheusi chenye antena ndefu.

"Mbao, sasa!" Vestina alifoka redioni.

Honi ya lori ilijaza bonde.

Luqmani alishuka mteremko na mbao zake zote na kuipiga Pajero kiunoni, akaisukuma hadi kwenye gema. Kisanduku kiliruka, kikadunda kwenye lami. Kisha redio ikakwaruza.

"Spea, hapa Mbao. Nimemkalia."

"Mikono yake?"

"Mmoja uko chini ya goti langu. Mwingine anaomba nao msamaha."

*

Wataalamu wa jeshi walifika, wakalitoa tangi kwa utaratibu wa watu wanaobeba mtoto aliyelala. Delport alipitishwa mbele ya Vestina na pingu mikononi, damu ikimtoka puani.

"Pampu zako ni mbovu," alisema.

"Pampu ni nzima. Ulichokosea ni dereva. Huyu ni wa kwetu."

Mudy alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro. Glavu alikuwa amezivua, amezitupa.

"Dada. Ulijuaje nitazima?"

"Baba yako alikuwa akizima. Luqmani anazima. Nani asiyezima?"

"Kumbe wewe ni nani?"

Vestina aliingiza mkono mfukoni, akamwekea kiganjani vali ndogo kama kifungo cha shati.

"Muuza spea. Hii nilisahau kukufungia. Ni ya garantii." Akajitanda kitenge vizuri. "Mwambie mama aniwekee chapati mbili."

Aliondoka bila kugeuka, akapanda lori la Luqmani. Taa moja ilikuwa imevunjika, bampa limejikunja, lakini lilikuwa likitembea. Waliupanda mlima polepole kuelekea Makambako.

Mteremko uliofuata ulipojikunjua mbele yao, Luqmani alinyoosha mkono, akazima injini.