Mkono wa Zubaida Kwenye Picha ya Hansa

"Huyu mwanamke wa pili ni nani?"

Mama yake Jayanti aliuliza hivyo huku ameishika picha kwa ncha za vidole. Ua wa nyuma wa duka la Mzee Kanji, pale Tororo mjini, ulikuwa umejaa watu wa pande mbili. Kanji alikuwa anamwoza binti yake Hansa kwa Jayanti, kijana wa Mbale, na siku hiyo ilikuwa siku ya kufungua picha ya uchumba.

"Wa pili gani?" Kanji alicheka. "Iko mtoto yangu Hansa, iko Jayanti. Basi!"

"Angalia mwenyewe."

Kanji akavaa miwani. Kicheko kikakatika.

Katikati ya picha alisimama Jayanti na suti yake. Kulia kwake Hansa, amevaa sari yake ya uchumba. Kushoto kwake msichana mwingine, amevaa sari ileile, kichwa wazi, anacheka meno yote nje, na mkono wake umetua begani kwa Jayanti! Alikuwa amefifia kidogo, kama mtu aliye ndani ya chandarua, lakini sura ilionekana.

"Si huyu hapa!" shangazi mmoja akanyoosha kidole.

Macho yote yakageuka mlangoni. Pale alisimama Zubaida na mama yake, Bi Habibah, fundi aliyewashonea wanawake wa Kihindi blauzi za sari. Walikuwa wameleta kazi tu, maskini. Zubaida alihisi damu yote imepanda usoni.

"Mama, naapa simjui!" Jayanti akaruka.

"Humjui? Sari nilinunua mimi kwa mkono wangu. Nani aliipeleka kwa fundi na gari? Si wewe?"

"Nilipeleka nikaondoka!"

"Na mkono huu begani?"

Hansa alijifunika uso akaingia ndani mbio.

Zubaida akamtazama mtu mmoja tu pale uani. Swaliki, mpiga picha. Ndiye aliyeleta bahasha kutoka stesheni, bado imefungwa kwa gundi, maana Kanji alitaka picha isionwe na jicho lolote kabla ya wazee.

"Swaliki," akaita kwa sauti ndogo. "Waambie."

Swaliki akainamisha kichwa.

"Filamu ilisafishwa Kampala," akasema. "Mimi... mimi sielewi."

Sielewi! Jamani, mwanaume mzima, ndevu kidevuni, anasema haelewi. Ngojeni niwaambie alichokielewa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ile kiwanda cha saruji kilipoanza kutupa vumbi juu ya Tororo. Swaliki alikuwa na kamera moja ya kukunja na miguu yake mitatu, na Wahindi wa Tororo mpaka Busia walimpenda kwa jambo moja: alijua kutafuta mahali. Kwa picha ya Hansa alizunguka na baiskeli kutoka mto Malaba mpaka Kisoko, akarudi kuchagua mwamba mmoja chini ya mlima wa Tororo, nyuma kweupe, mbele kuna nyasi fupi.

Tatizo lilikuwa sari, maana ilikuwa nyekundu. Nyekundu kwenye picha za wakati ule ilitoka nyeusi. Akamwendea Zubaida.

"Ile sari iko kwenu, mama yako anaishona pindo. Ilete jioni, dakika chache tu. Nataka kuona itakaa vipi mbele ya mwamba."

"Wewe una wazimu? Sari ya uchumba haivaliwi na mtu mwingine kabla ya bibi harusi. Mama mkwe wake akijua atanimeza."

"Nani atamwambia? Sipigi, Zube. Napima tu."

Akaenda. Mapenzi bwana! Msichana aliyekatazwa hata kusimama njiani na mwanaume, akaenda mpaka mwambani na furushi chini ya leso.

Swaliki alikuwa na utaratibu wake. Alipanga mawe matatu pale miguu ya kamera itakapokaa kesho. Kisha akachomeka mti mrefu, akautundikia koti lake.

"Huyu ndiye Jayanti," akasema. "Simama kulia. Sawa. Sasa njoo kushoto, nione upande upi una mwanga."

Zubaida akaliwekea lile koti mkono begani, akaangua kicheko.

"Mume wangu huyu mbona mwembamba hivi?"

"Tulia hapo hapo."

Kitu kikalia *kwach* ndani ya kamera.

"Umepiga?"

"Napima, nimekwambia."

"Haya. Na mimi nakwambia kitu." Zubaida akaivua sari taratibu, akaikunja juu ya gauni lake. "Umeniuliza mwezi mzima. Nenda kwa baba."

Swaliki alirusha kofia juu. Alikunja kamera akiimba, akasahau jambo ambalo mpiga picha hasahau: hakuizungusha filamu. Kesho yake akaipanga kamera kwenye mawe yaleyale, Jayanti akasimama pale pale paliposimama mti, na picha ya pili ikaingia juu ya ya kwanza.

Ndiyo hiyo siri. Sasa turudini kwenye aibu.

Bi Habibah alimvuta binti yake mkono kutoka duka la Kanji hadi nyumbani, na njia nzima hakumtazama. Walipofunga mlango ndipo alipopata sauti.

"Umevaa sari ya watu?"

"Mama..."

"Nimeshona miaka yote hii, hakuna aliyewahi kusema nimepoteza hata kifungo. Leo wamesema mwanangu ni malaya. Mbele yangu!"

"Mama, simjui yule Jayanti."

"Kwa hiyo mkono si wako?"

Zubaida akageukia ukuta. Kusema alikuwa na Swaliki peke yao mwambani kulikuwa aibu juu ya aibu, na bado alingoja. Alijua Swaliki angekuja mwenyewe. Lazima angekuja.

Aliyekuja ni baba. Mzee Dauda aliendesha lori lake la mahindi na pamba kati ya Busia na Tororo. Aliingia hata salamu hakutoa, akakaa na vumbi lake.

"Nimeikuta Busia," akasema. "Nashusha magunia, mtu ananiuliza, 'Dauda, umepata mkwe Mhindi?' Wenzake wanacheka. Mimi nacheka pia, nadhani ni utani."

"Baba..."

"Nauliza mara moja. Uko na huyo kijana wa Mbale?"

"Hapana, baba. Wallahi."

"Basi picha imekupataje?"

Machozi yakamtoka, akajifunika leso. Dauda akasubiri, akasubiri, mwishowe akasimama. Ijumaa hiyo hakwenda msikiti wa mjini. Aliswali barabarani, kando ya lori, watu wasije wakamwangalia.

Mjini maneno yalizidi. Lisemwalo lipo, walisema. Kisimani, Athieno, rafiki wa Zubaida tangu utotoni, aliuona mtungi wake uko karibu na wa Zubaida, akauhamisha mbali. Hilo ndilo lililomwinua Zubaida. Akajitanda leso, akaenda studio kwa Swaliki.

"Funga mlango," Swaliki akamwambia. "Watu watakuona."

"Wameshaniona, Swaliki. Wameniona kuliko walivyowahi kuniona. Uliniambia unapima tu."

Swaliki akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nilitaka nibaki na sura yako. Nikabonyeza. Halafu ukanipa lile neno, nikapagawa na furaha, nikasahau kuizungusha filamu. Ndipo Hansa na Jayanti wakaingia juu yako."

"Kumbe unajua?"

"Nilijua pale pale, nilipoiona."

"Na ukasema huelewi."

"Ungetaka nisemeje, Zube? Nimemvalisha msichana mwingine sari ya bibi harusi, nikamharibia Kanji picha ya mwanawe. Nani ataniita tena? Harusi zote hizi, Tororo, Busia, ni Wahindi wanaonilisha. Nitakwisha."

"Na mimi?"

"Vumilia kidogo tu. Watu husahau. Nikishatengemaa, nakuja kwa baba yako na heshima zote."

Zubaida alikuwa bado anampenda, hilo ndilo lililomtia haya zaidi. Alimwonea haya yeye, akajionea haya mwenyewe kwa kumchagua.

"Athieno ameuondoa mtungi wake karibu na wangu," akasema.

"Athieno? Achana naye."

"Sawa." Akafungua mlango, akauacha wazi, akatoka.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa Kanji. Mzee alikuwa kwenye simu, anapiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Halo! Mbale! ... Hapana, mama Jayanti, usivunje uchumba... Ngoja kwanza, tafadhali... Halo? Halo!"

Simu ilikuwa imekatwa. Nyuma ya kaunta alikaa Hansa, macho yamevimba.

"Huyu nataka nini hapa?" Kanji akafoka. "Toka!"

"Nimekuja kwa Hansa, mzee. Nikimaliza nitatoka." Zubaida akaisogelea kaunta. "Dada Hansa, nilivaa sari yako."

"Kabla yangu?"

"Kabla yako. Kosa ni langu, nisamehe. Lakini Jayanti hana hatia. Simjui hata sauti yake."

"Na mkono?"

"Ulikuwa kwenye mti."

"Mti?"

"Swaliki alichomeka mti, akaweka koti. Mti ndio Jayanti. Nikaushika bega nikacheka. Kesho yake mkapigwa juu yangu, filamu haikuzungushwa." Akashusha sauti. "Nilikuwa na Swaliki pale, peke yetu. Hilo nalo ni kweli. Nyumbani hawajui."

"Kwenye mti," Hansa akarudia, nusu analia nusu anataka kucheka. "Mimi silali, kumbe ni mti!"

"Uongo!" Kanji akasema. "Unaokoa Jayanti. Picha moja iko watu wa siku mbili? Namna gani? Mimi naita Swaliki."

Swaliki akaletwa. Aliingia akamwona Zubaida, akamwona Hansa, akaelewa kwamba yote yameshamwagwa.

"Huyu binti anasema kweli?"

Safari hii Zubaida hakumwangalia wala hakumwomba chochote. Alitazama majora ya vitambaa kwenye rafu. Swaliki akavua kofia.

"Kweli, Mzee Kanji."

"Siku ile kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

Wapo waliosema ule ulikuwa ujasiri. Ujasiri gani? Mtu aliyefunuliwa shuka, akisema yuko uchi ametoboa siri gani?

Kanji akataka uthibitisho. Swaliki akamweka kwenye kiti uani, akapiga. Akamhamisha upande wa pili, akapiga tena bila kuizungusha filamu. Filamu ikapanda treni, na iliporudi kutoka Kampala, Mzee Kanji alikuwa amekaa kando ya Mzee Kanji, wote wawili wamenuna. Mama yake Jayanti, aliyekuja kutoka Mbale kununa, alicheka mpaka akajifuta macho. Uchumba ukarudi. Sari mpya ikanunuliwa, na Bi Habibah ndiye aliyepewa aishone.

Na mnajua yule bwana aliyeogopa kwisha? Wateja walimwongezekea! Watu walitoka mpaka Busia kutaka picha ya mtu na nafsi yake. Hofu yote ile ilikuwa ya bure, na Zubaida ndiye aliyeilipia.

Basi Swaliki, na kanzu mpya, akaja na posa. Alikuja na baba yake mdogo na sheikh. Mzee Dauda, aliyekuwa ameombwa radhi na kila aliyemcheka, aliwakaribisha sebuleni. Zubaida alikaa nyuma ya pazia na mama yake.

"Binti Dauda," sheikh akaita kwa upole. "Swaliki anakuposa. Umeridhia?"

Kimya.

Mnaijua desturi. Mwanamwali hasemi "ndiyo" mbele ya wazee. Akinyamaza, haya yake ndiyo jibu. Baba mdogo akaanza kutabasamu.

"Amenyamaza," sheikh akasema. "Kunyamaza kwake ni kukubali. Alhamdulillah. Tuinue mikono, tusome Fatiha."

Mikono ikainuliwa.

"Sheikh, shusheni mikono."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, nzito kwa kilio lakini haikutetemeka.

"Sikunyamaza kwa kukubali. Nilikuwa namalizia kulia. Sitaki."

"Astaghfirullah!" baba mdogo akashtuka. "Lakini binti, si ameshasema ukweli mbele ya watu?"

"Alisema baada yangu, baba."

Swaliki akainuka nusu, mkono umeelekea pazia.

"Zube, nakupenda."

"Najua. Ulinipenda hata siku ile uani kwa Kanji."

Mzee Dauda akageukia pazia. "Mwanangu, wewe bado unampenda?"

"Nampenda, baba."

"Na bado husemi ndiyo?"

"Bado sisemi."

Bi Habibah alimshika binti yake mkono. Dauda akakohoa, akavuta sinia ya vikombe karibu na wageni, akaanza kumimina mwenyewe.

"Chai ipo, wageni wangu," akasema. "Posa hakuna."

Swaliki alipokea kikombe kwa mikono miwili, akakishikilia mpaka kikapoa, na hakuna aliyemwambia anywe.