Aliyemsindikiza Tausi

Harufu ya tope la ziwa iliingia wodini asubuhi, madirisha yakiwa yamefungwa. Tausi aliisikia kabla hajafumbua macho.

Alikuwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Misuli ya miguu ilikuwa ikimkata kila alipokuja, mpaka nesi Prisca alipomfundisha kutulia: fumba macho, vuta pumzi taratibu, legeza vidole, nyayo, magoti, kisha nenda kwa mawazo mahali unapopapenda. Tausi, muuza kanga wa Kyela mjini, alichagua ufukwe wa Matema, kando ya ziwa. Huko akakuta kibanda cha mianzi ambacho hakukiweka yeye. Na kwa jinsi alivyolelewa, akapiga hodi.

"Karibu," alijibiwa, na mwanamke mrefu akamtandikia mkeka. Maumivu yakayeyuka. Alipoaga, mwenyeji akamsindikiza kidogo, kama ilivyo ada. Safari iliyofuata akamfikisha barabarani. Safari hii, hadi kwenye geti la hospitali. Tausi angeweza kusema, "Inatosha, rudi sasa." Lakini nani humfukuza mtu anayemsindikiza?

Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee Asajile, mkulima wa kokoa wa Busale, mtu wa utani mwingi. Leo hakutania.

"Mama Raudha," alinong'ona, "yule mgeni wako mbona hakauki?"

"Mgeni gani, mzee?"

"Aliyesimama miguuni pako ulipofumba macho. Nguo zinamchuruzika. Nikamsalimia kwa lugha ya kwetu, ugonile, mama, akacheka tu."

Tausi akatazama sakafuni. Nyayo za maji zilitoka mlangoni hadi kitandani kwake. Za kurudi hazikuwepo.

Siku ya kusafishwa tena akagoma. "Leo sifumbi macho, nesi."

Misuli ikakaza, presha ikapanda, mashine ikaanza kulia.

"Mama, mwili ukikataa hivi nitakutoa kwenye mashine kabla damu haijasafika," alisema Prisca kwa upole. "Maji yakijaa kifuani, Raudha atabaki na nani? Vuta pumzi."

Jina la mwanawe lilimshinda. Akavuta pumzi, akalegeza vidole, nyayo, magoti. Yule mwanamke alikuwa tayari kando ya kitanda.

"Dada, nashukuru," alisema Tausi. "Rudi kwako sasa."

"Sawa. Nisindikize basi."

Angekataaje, yeye aliyesindikizwa mara zote zile? Wakatoka getini, wakapita mashamba ya mpunga ambayo hayakuwa na ndege hata mmoja, wakashika njia ya Matema na ile harufu ya tope ikizidi kumkaba koo, na kila Tausi alipotaka kuaga mwenzake alimwambia kidogo tu, kidogo tu, mpaka mchanga ukawa chini ya nyayo zao na mlango wa kibanda ukawa wazi mbele yao.

"Umefika," alisema mwanamke. "Kaa."

Kisha akageuka, akaelekea mjini mbio. Tausi alitaka kumkimbilia, lakini miguu aliyoilegeza mwenyewe, kidole kwa kidole, haikumsikia.

Kwa mbali, kama kutoka ng'ambo ya maji, akasikia sauti ya Prisca: "Safi sana, mama! Presha imeshuka."

Na sauti ya Tausi mwenyewe ikajibu: "Asante, nesi. Sasa nani atanisindikiza nyumbani?"

"Mimi hapa, mama," alisema Raudha, aliyekuja kumchukua. "Mbona mikono yako imelowa?"